Jioni Tulimwita Kamba

Wiki iliyopita, mvua za kwanza zilipopiga Buswelu, kijana mmoja wa mtaani kwetu alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la majirani. Nyoka amejikunja pembeni ya karo la maji, na chini ya picha kijana ameandika kwa herufi kubwa: NYOKA JAMANI, NYOKA! Majirani wakamjibu kwa neno hilo hilo, mmoja baada ya mwingine, wengine wakaweka na vikatuni vya nyoka wanaocheka. Ilikuwa saa mbili usiku. Mimi, mtu mzima mwenye miwani ya kusomea, nikajikuta nimeifunika simu kwa kanga, nasema peke yangu, "Jamani, giza limeshaingia!" Mume wangu akaniuliza giza limefanya nini. Sikumjibu, maana ni habari ndefu, na yeye ni mtu wa Morogoro. Wewe nitakusimulia.

Nilikulia Igoma, wakati Igoma ilikuwa bado haijaamua kama ni mji au shamba. Kando ya barabara ya Musoma kulikuwa na vibanda vipya vya mbao, mafundi baiskeli, wachomelea vyuma, na wanawake wenye mafungu ya nyanya na dagaa. Ukizunguka tu nyuma ya vibanda unakutana na mihogo, ng'ombe wa watu na mawe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, viwanda vinapunguza watu na kila mwenye miguu anafungua biashara. Mama alikuwa mmoja wa waliopunguzwa kwenye kiwanda cha nguo. Kiinua mgongo chake alikigeuza kuwa kiwanja, kuta na bati, chini kabisa ya kilima cha mawe. Akaanza kufuata mchele Magu na kuuza pale pale sebuleni kwetu. Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo, na tulimwona kwa kupita.

Nikifumba macho naisikia asubuhi ya pale. Juu ya kilima wapasua mawe wameshaanza kazi, nyundo zinapokezana, na moshi mweusi wa matairi unapanda, kwa sababu jiwe kubwa walilichoma kwanza kwa matairi mpaka liive, ndipo walipige likubali kupasuka. Chini wanawake wanagonga kokoto. Sisi tunakunywa uji na michembe iliyochemshwa, ile ya viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo bibi aliileta kwenye gunia kutoka kwao Magu. Kila mtu alikuwa anajenga, na kila msingi ulihitaji mawe. Hakuna aliyejiuliza nani alikuwa akiishi chini ya yale mawe kabla yetu.

Jibu lilikuja na mvua. Zilipoanza mvua za mwezi wa kumi na moja, kumbikumbi walitoka ardhini, vyura wakapiga kelele mpaka ukashindwa kusikia redio, na maji yakajaa kwenye nyufa za kilima. Waliokuwa kwenye nyufa wakatafuta pakavu, na pakavu palikuwa kwetu. Tulijifunza kukung'uta viatu kabla ya kuvaa, kugonga mlango wa choo kabla ya kuingia, na kutotia mkono kwenye kuni bila kuzipiga kwanza na fimbo. Watoto wa sasa wanafundishwa kunawa mikono. Sisi tulifundishwa kubisha hodi chooni.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kukaa nasi ili mama apate nafasi ya kwenda kufuata mchele. Alikuwa mwembamba, mkali, mwenye mapenzi ya kuficha. Angekugombeza huku anakuwekea kipande kikubwa cha samaki. Ndiye aliyetuletea sheria ya jina. Mchana unaweza kumtaja yule kiumbe utakavyo. Jua likishazama, hatajwi. Anaitwa kamba.

"Ukimwita jina lake anakuja halaka," alisema bibi, ambaye herufi r hakuwahi kuielewa faida yake. "Mwite kamba, atapita zake."

Sheria ilienea. Baada ya msimu mmoja, uchochoro wote ulikuwa unasema kamba, hata jirani yetu mwalimu, mtu wa Kagera, aliyefundisha Kiswahili shule ya msingi na aliyeona imani hizo kuwa ni upuuzi. Alicheka mchana. Jioni, akitoka na tochi yake, utamsikia anauliza kwa sauti ya chini, "Kamba ameonekana huko?" Ila hakukubali tuharibu lugha. Alitupanga watoto ukutani akatufundisha: kamba ameingia, kamba yuko jikoni, huyo ni yule mwenyewe. Kamba imekatika, kamba iko jikoni, hiyo ni ya kuanikia nguo. "Shikeni ngeli," alisema, "ngeli itawaokoa." Tuliona ni mzaha, na nadhani hata yeye aliona hivyo.

Shida ni kwamba bibi alikuwa Msukuma wa kweli, Kiswahili alikipata ukubwani, na ngeli kwake zilikuwa mambo ya shuleni. Na mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Kiswahili chake alikuwa anakiokota kwa bibi.

Siku yenyewe upepo ulikata kamba ya nguo, sare zangu zikaanguka kwenye tope, na mama alishinda akiulizia kipande kilichopeperuka, maana kamba ile ilikuwa mpya. Jioni, mvua imekatika na mwanga unaondoka, mama alikuwa sebuleni anampimia mteja mchele, mimi nimemshikia kandili. Bibi alikuwa uani kwenye kigoda chake. Mdogo wangu akaita kutoka jikoni:

"Mama, kamba iko hapa!"

"Okota uilete, baba," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Fanya haraka isilowe tena."

"Kamba!" bibi akapiga kelele kutoka uani. "Iko pale, kamba!"

"Nimesikia, mama, anaileta."

Ndipo tukasikia mpumuo. Aliyewahi kusikia kifutu akivuta pumzi na kuiachia hatausahau. Ni kama tairi la baiskeli linalotolewa upepo kwa makusudi. Mama aliangusha kisado, mchele ukamwagika sakafuni, na tukakimbilia jikoni. Mdogo wangu alikuwa ameinama karibu na ukuta wa nyumba, mkono ameunyoosha kama alivyoagizwa, na kifutu mnene amejikunja mbele yake kwenye rundo la mawe yaliyobaki kwenye ujenzi. Bibi, ambaye siku zote alinyanyuka kwa kushika kiuno, sijui alifikaje. Alimvuta mtoto kwa shati, wakaanguka wote wawili chali. Kifutu alirusha kichwa pale mkono ulipokuwa, akagonga dumu la maji. Mwalimu alikuja na jembe akamalizana naye.

Usiku ule hakuna aliyekula. Mama alimshika mdogo wangu mapajani mpaka akamlalia, akawa anamnusa kichwani. Lazima ujue kwamba kati yangu na yeye alikuwepo mtoto mwingine, na yule tulimzika. Asubuhi bibi akatoa uamuzi wake.

"Nampeleka mjukuu wangu Magu. Hapa mmejenga mlangoni kwa watu."

Mama alikuwa amepiga magoti kumwamkia, na hakuinuka. "Mama, mtoto wangu atakaa na mimi."

"Atakaa na wewe wapi? Kwenye mawe?"

"Nipe mvua hizi tu, mama."

Bibi alitazama kilima, akatazama mdogo wangu aliyekuwa anafukuza kuku kana kwamba jana haikuwepo. "Mpaka nitakapokwenda kuvuna mpunga wangu," alisema. "Akionekana mwingine ndani ya ua huu, mmoja tu, naondoka na mtoto." Mama akasema sawa. Baba aliporudi safari akaelezwa yote. Akasema mama yake amesema kweli, kisha akasema mke wake naye amesema kweli, akala, akalala, akaondoka na lori lake.

Siku hiyo hiyo mama alifuta sheria ya jina. Alisema mbele ya bibi, kwa adabu lakini bila kupepesa, kwamba ndani ya nyumba yake nyoka ataitwa nyoka, jua liwepo lisiwepo. Bibi hakubishana. Alianza tu kukohoa. Kila tulipolitamka lile neno baada ya magharibi, yeye alikohoa kwa nguvu kulifunika, na kwa kuwa mama alihakikisha tunalitamka kila jioni, bibi wa watu alikohoa msimu mzima mpaka mwalimu akauliza kama ameshaonyeshwa hospitali.

Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kama mama alivyofanya miezi ile. Alianza na mchele wake mwenyewe, na hilo najua lilimuuma. Nyoka walifuata panya, na panya walifuata magunia yetu yaliyolala sakafuni chumba cha nyuma. Akaita fundi akatengeneza chaga ya mbao, magunia yakapanda juu, chini pakabaki peupe unaona mpaka ukutani. Kila punje iliyomwagika tuliiokota kabla ya kulala. Rundo la mawe tulilihamisha kwa mikono, mimi na yeye, jiwe moja moja, tukilisukuma kwanza kwa mti. Nyufa za msingi tuliziba kwa udongo na saruji kidogo. Kuni zikawekwa juu ya vigingi. Majani yote ya ua tuling'oa mpaka mizizi, na ule uwanja tukaufagia asubuhi na jioni mpaka mchanga ukawa na mistari ya ufagio.

Kisha akapanda kilimani kwa wapasua mawe. Nilikwenda naye, nimebeba sufuria la wali wa maharage. Walicheka kidogo walipomwona, mwanamke na kanga yake anataka kuzungumza habari za nyoka. Mama akawaachia wacheke, akawapakulia, akangoja washibe. Akawaambia kwamba wao wakiwasha matairi upande wa juu, kila kiumbe kilichomo ndani ya mawe kinakimbilia chini, yaani chumbani kwake. Basi waanze moto upande wa chini, upande wa kwetu, ili chenye kukimbia kikimbilie juu porini. Na siku ya kuchoma watume mtu atuambie tuwaingize watoto ndani. Mkubwa wao akasema jiwe haliulizi limechomwa kuanzia wapi, kwa hiyo hawana neno. Tangu siku hiyo walifanya hivyo, na kila siku ya moto tulisikia mtu anashuka akipiga mluzi, na milango ya uchochoro mzima inafungwa.

Tukiwa tunashuka siku ile tulimwona mmoja, mrefu, wa rangi ya udongo, anavuka njia mbele yetu polepole. Nikaokota jiwe. Mama akanishika mkono.

"Mwache. Huku juu ni kwake."

"Na akija kwetu?"

"Akija kwetu tutajuana. Leo ni sisi tumekuja kwake."

Mwalimu alichukua zamu yake. Aliwaita watu wa uchochoro kwa msaragambo, Jumamosi asubuhi kila kaya na jembe au panga, wakafyeka kichaka kilichokuwa kati ya nyumba na kilima, wakafukia shimo la takataka lililokuwa linalisha panya wa mtaa wote. Bibi alitazama yote akiwa kwenye kigoda, anamenya karanga. Hakusifu, ila siku moja nilimkuta anafagia nyuma ya choo, mahali ambapo hata mama alikuwa hajafika. Aliponiona akanigombeza kwa kusimama bure.

Krismasi ilipita, na mvua kubwa za mwezi wa tatu zikaja na kutupiga vibaya, maji yakishuka kilimani mekundu. Uchochoro wa pili mwanamke aliumwa na nyoka mguuni akapelekwa hospitali, akapona, lakini kila mtu alilala na taa. Kwetu hakuna kilichoingia. Mama alianza kuimba tena akiwa anapepeta mchele. Mwezi wa tano mvua zikalegea, na habari zikaja kutoka Magu kwamba mpunga umeiva. Bibi akasema ataondoka kesho asubuhi.

Jioni ile ya mwisho mama alimpikia sato wa nazi, chakula cha kumuaga. Alikuwa amechuchumaa jikoni, lile jiko letu la nje lenye paa bila kuta, mgongo ameugeuzia uani, na mdogo wangu amemwegemea begani anasubiri kulamba mwiko. Mimi nilikuwa nachambua mchele karibu na bibi. Jua limeshazama, lakini uwanja mweupe uliofagiwa ulikuwa bado unaonekana.

Nilihisi bibi amekauka. Nikafuata macho yake. Swila mweusi alikuwa ametoka pembe ya ua, amenyooka, kichwa juu kidogo, anakata uwanja kuelekea jikoni.

Mimi sauti haikutoka kabisa. Bibi nilimwona akifungua mdomo na kuufumba. Naapa nilimwona. Kisha akasimama, na kwa sauti ambayo sikujua anayo, akaita:

"Nyoka! Nyoka, mwanangu! Nyoka nyuma yako!"

Mama hakugeuka hata kutazama. Alimkumbatia mtoto akaruka upande wa pili wa moto. Swila akasimama katikati ya uwanja, akatanua shingo, akapima. Hakukuwa na jiwe la kujificha, wala kuni, wala jani, wala panya wa kumfuata. Akageuka, akapita alikotokea, akaingia gizani upande wa kilima. Watu walikuja mbio kutoka nyumba zote, mwalimu mbele na tochi, maana sauti ya bibi ilifika mpaka barabarani. Bibi alikuwa amekaa tena, amejiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Mama alipakua sato, tukala. Baada ya hapo akaingia chumbani. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kitandani, anakunja nguo za mdogo wangu moja moja na kuzitia kwenye mfuko. Kaptula, shati la Krismasi, sweta. Alikuwa analia bila sauti, lakini mikono haikusimama. Alikuwa ametoa neno lake, na mama yangu hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Nilimchukia bibi kwa muda wote niliochukua kupata usingizi.

Asubuhi mwalimu alikuja kumsindikiza bibi mpaka kituoni. Mama akapiga magoti, akaamkia, akasogeza ule mfuko mbele. Mdogo wangu alikuwa amevishwa viatu, anafurahi, anadhani ni matembezi.

"Hizi ni za nini?" bibi akauliza.

"Nguo zake, mama. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana akionekana."

Mama akainua macho. "Mama, jana alionekana. Wewe ndiye uliyeita."

"Mimi?" Bibi alijitwisha kikapu chake, akakitengeneza kichwani taratibu. "Jana kulikuwa na giza. Mimi niliona kamba."

"Mama, mtaa mzima umekusikia."

"Mtaa mzima hauna adabu, unasikiliza maneno ya wakwe. Niliona kamba. Ilipita, ikaenda zake."

Nilimtazama mwalimu, nikisubiri amsahihishe. Alikuwa anatazama kilima, anakwaruza shingo, na midomo yake inacheza. Bibi akampapasa mdogo wangu kichwani, akamgombeza kwa kutofunga kamba za viatu, akaondoka. Mama alibaki amepiga magoti uwanjani mpaka walipokata kona. Ndipo akamvuta mwanawe, akamvua viatu, akacheka na kulia kwa wakati mmoja mpaka mimi nikaona aibu.

Nilipita Igoma mwezi uliopita. Kilima hakipo. Kimekuwa misingi ya nyumba za watu, ghorofa, maduka na kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu. Wapasua mawe wamehamia mbali huko, na waliokuwa wakiishi ndani ya mawe wamehamia wanakojua wenyewe, au hawakupata pa kuhamia, ndiyo maana wanajitokeza kwenye makaro ya Buswelu na kupigwa picha. Mwalimu alistaafu akarudi Kagera. Bibi tulimzika Magu, kwenye shamba lake la mpunga, mwaka wa mafuriko makubwa.

Mama bado yupo kwenye nyumba ile ile, na mdogo wangu anaishi naye. Ana watoto watatu, wamezaliwa pale, wanacheza uani mpaka giza linaingia bila kutazama chini. Mkubwa aliniuliza kwa nini bibi yao anafagia uwanja wa saruji mara mbili kwa siku. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Mama akaegemea ufagio wake, akamwambia kwamba zamani mtu mmoja alimwachia mwanawe, na yeye bado anamshukuru.